Shingo Ikiuma, Anza Kwa Kuuliza Mkono

Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4.5 hadi 5, na shingo inakibeba kwa pingili 7 tu. Kikikaa wima juu ya mabega, misuli haichoki. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma inakivuta muda wote kisidondoke. Ndiyo maana fundi cherehani wa Mbuyuni, Moshi, na kijana aliyeinamia simu kijiweni kwa bodaboda pale Kilombero, Arusha, wanashika mahali palepale: kati ya shingo na bega.

Hayo ni maumivu ya misuli, na ndiyo ya kawaida kuliko yote. Ukibonyeza unakuta fundo gumu linalouma, jioni yanazidi, na kwa kawaida hayavuki bega. Ndugu yake ni shingo inayokaza usiku: umelalia mto mrefu, asubuhi hugeuki upande mmoja. Mara nyingi huachia ndani ya wiki.

Aina nyingine hujitangaza mkononi. Mshipa wa fahamu unabanwa pale unapotoka kwenye uti, ama na diski (kipande laini kilicho kati ya pingili na pingili) iliyochomoza, ama na mfupa uliozidi kwenye pingili iliyochakaa. Maumivu yanashuka mkono kama shoti ya umeme na vidole vinakufa ganzi. Vidole vyenyewe vinaelekeza: ganzi ya gumba hutokana zaidi na mshipa wa 6, kidole cha kati wa 7, kidole cha mwisho wa 8 (mishipa ni 8 ingawa pingili ni 7). Hapa usikandwe kwa nguvu. Muone daktari, naye akupeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo.

Kuchakaa kwa pingili ni kawaida baada ya miaka 50. Wengi wanaonekana nacho kwenye eksirei na hawaumwi popote, kwa hiyo picha peke yake isikutishe.

Kwa maumivu ya misuli, weka kitambaa cha maji ya moto dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa siku. Kama umejitegua jana au leo, anza na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Kisha kaa wima, tazama mbele, rudisha kidevu nyuma bila kukiinua wala kukiinamisha, mpaka kitokee kidevu cha pili. Shikilia sekunde 5, rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Wengi hukosea kwa kuinamisha kichwa, na hapo wanarudia kosa lilelile lililowaumiza. Kulala kutwa nzima kunaikaza shingo zaidi.

Parasetamoli ya miligramu 500: mtu mzima vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Diklofenaki hununuliwa kama pipi, lakini mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au ujauzito asiiguse bila daktari.

Na yule kinyozi anayemaliza kunyoa kwa kukuzungusha kichwa mpaka shingo ilie "ka!", mkatalie. Ni nadra, lakini kuzungushwa ghafla kunaweza kuchana mshipa wa damu unaopeleka damu kwenye ubongo.

Anayebeba mkungu wa ndizi kichwani aweke kata nene, mzigo ukae katikati, ageuke kwa miguu badala ya shingo, na asaidiwe kutua.

Nenda hospitali siku hiyohiyo, Mawenzi ya Moshi au Mount Meru ya Arusha, ikiwa shingo imekakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma sana, mikono au miguu inaishiwa nguvu, mkojo unakutoka bila kujua, au kifua kinabana na maumivu yanapanda shingoni na tayani. Kukonda, jasho la usiku na maumivu yasiyopoa hata ukilala navyo vichunguzwe. Kifua kikuu huingia hadi kwenye pingili.

Kwa majeruhi wa ajali anayelalamika shingo, mshike kichwa kisitikisike, alale pale alipo kama hakuna hatari nyingine, usubiri gari. Usimpakie mishikaki kwenye bodaboda.