Gunia la unga: kuwafundisha wanafunzi kuchunguza jinsi jamii inavyobadilika

Ukiwaambia wanafunzi wa humanités (sekondari) wachunguze jinsi Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba kusini mwa Kongo (DRC), ilivyobadilika, watakuletea kurasa tatu walizonakili: mji ulianza 1910, uhuru 1960, basi. Mimi huanza na gunia la unga.

Hatua ya 1: chagua kitu kinachoshikika. Unga wa bukari (ugali) uko kila nyumba, ila njia yake ya kufika humo imebadilika. Enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, mfanyakazi alipewa posho ya chakula juu ya mshahara. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi baada ya serikali kuitwaa 1967, iliendelea kuwagawia watu wake unga. Leo tunanunua sokoni, na Zambia ikifunga mahindi yake pale mpakani Kasumbalesa, bei inapanda hadi Katuba, hapa mjini. Katikati kulitokea nini? Uliza, halafu nyamaza.

Hatua ya 2: punguza swali. "Nani alileta unga nyumbani, na aliupata vipi?" linatosha. Futa "Je, zamani maisha yalikuwa mazuri?" Kila nkambo (babu au bibi) atasema ndiyo.

Hatua ya 3: watume kwa watu. Wanafunzi watatu, wazee watatu wa rika tofauti. Waombe ruhusa kwanza, na majina yasiandikwe. Mwaka wangu wa kwanza niliwaacha wachague wenyewe, wakaenda wote kwa wazee wanaume waliofanya kazi kampuni. Tukapata hadithi moja mara kumi: kampuni ilitulisha, kampuni ikaanguka. Mwaka uliofuata nikataka kila kundi lihoji angalau mama mmoja. Mama mmoja akaeleza kuwa alikuwa na shamba nje ya mji na meza ya makala (mkaa) sokoni wakati bwana wake bado analipwa vizuri. Darasa likachangamka, maana mabadiliko hayakuanza siku tuliyodhani.

Kuna jambo moja la kuandaa mapema. Wazee wengine watafika kwenye 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai, eneo jirani, walipofukuzwa Katanga, jimbo letu. Darasani mwako huenda wamo watoto wa pande zote mbili. Ongea nao kabla hawajaenda: mtu asichimbwe, na kinachosemwa kwa uchungu kisiletwe darasani bila wewe kukisikia kwanza.

Hatua ya 4: tafuta tarehe. Watu wachache hukumbuka mwaka, lakini pesa wanaikumbuka. Uliza: mulilipa na pesa gani? Zaïre ilianza 1967, zaïre mpya 1993, faranga ya Kongo 1998. Jina la jimbo nalo linasaidia: Katanga liliitwa Shaba toka miaka ya mwanzo ya 1970 hadi 1997 (watoto hucheka kusikia jimbo likiitwa jina la madini). Chora mstari wa chaki uani, kila kundi liweke vikaratasi vyake. Vikirundikana sehemu moja, simameni hapo.

Hatua ya 5: linganisha na makaratasi. Kitabu cha kazi, karatasi ya mshahara, picha ya harusi. Mzee akisema mshahara ulikatika ghafla na karatasi zake zikaonyesha ulichelewa kidogo kidogo, usitupe hata kimoja. Uliza kwa nini kumbukumbu imefupisha.

Hatua ya 6: ukurasa mmoja, wenye kilichobadilika, kisichobadilika na sababu. Hapa huwa mkali. "Sababu ni serikali" sipokei peke yake. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 1994 hazikufika hata 50,000. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umebomoka 1990, mashine zilikuwa zimechakaa, na pesa za kampuni zilikuwa zimeliwa kwa miaka mingi. Mwanafunzi aonyeshe sababu mbili zinavyosukumana, kisha azifuatilie hadi mezani kwa yule mama wa makala.

Ukurasa wenye neno "zamani" bila tarehe naurudisha bila alama.