Jaribu wino kwa kuchovya, usijaze kalamu

Kwa mnaoandika kwa kalamu za wino hapa Moshi, ambako chupa mpya mara nyingi ni ya kuagiza: kabla ya kununua, chovya ncha tu kwenye chupa ya mwenzako, uandike sentensi ileile kwa kila wino, kwenye karatasi utakayoitumia kweli. Mistari miwili ya kwanza usiihesabu. Ncha iliyotoka kuchovywa hubeba wino kupita kiasi, hivyo rangi hutoka nzito na ya kudanganya. Kuanzia wa tatu ndipo inakaribia ile ya kalamu iliyojazwa. Kabla ya kuhamia wino mwingine, suuza ncha kwa maji na uifute kwa tishu mpaka itoke safi. Usiamue siku hiyohiyo. Wino wenye madini ya chuma, kama Pelikan 4001 Blue-Black, huzidi kuwa mweusi ukikutana na hewa, kwa hiyo utazame tena kesho, kisha udondoshee tone la maji. Bluu ya kawaida ya wanafunzi itasambaa na kufifia. Ule wa chuma utabakiza maandishi (kwa fomu na risiti, mimi hicho ndicho kigezo pekee). Njia hii haikuambii kama wino utakaukia ndani ya kalamu iliyolala wiki nzima, na daftari la karatasi inayofyonza sana linaweza kufanya hata wino mzuri utoe vinyweleo (mistari isambae pembeni kama nywele). Wino wenye chembe za kumeta tikisa kwanza, maana chembe hutuama chini ya chupa.