Kuifuta simu kabla ya kuiuza: mwongozo wa msimu wa korosho

Fedha za korosho zikianza kuingia, simu nyingi huku kusini hupata wenyewe wapya. Mkulima wa Tandahimba kalipwa, kashuka Mtwara mjini kununua simu, na ile ya zamani anaiuza hapohapo kwa kijana wa bodaboda au anampelekea mdogo wake Nanyamba. Ukimuuliza kama ameifuta, jibu ni moja: "Nimeshafuta, fundi."

Haya, ifungue. Picha za harusi kweli hazipo. Lakini kwenye folda ya WhatsApp kuna kitambulisho cha NIDA, mbele na nyuma, alichompigia picha karani wa chama cha msingi. Kwenye meseji ipo ile ya benki ya siku ya malipo: kiasi kilichoingia, salio, tarakimu za mwisho za akaunti. Kwenye majina kuna "Mke wangu", "Mwanangu Ruangwa", "Wakala stendi". Tapeli akitaka nini tena? Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" watu wamezizoea, ila ikimtaja mtoto kwa jina na mji anaokaa, mzazi anatuma.

Vijana wanaopiga soga mezani kwangu wanaijua kamera ya simu ambayo haijatoka kiwandani, maana picha zake zimeshavuja. Habari iliyowahusu wao wenyewe imewapita: Android 15, iliyotoka 2024, iliikaza ile loki inayobaki baada ya simu kufanyiwa riseti, yaani kurudishwa kama ilivyotoka kiwandani. Zamani ukikosea mpangilio, fundi mjanja alikuwa anapenya. Siku hizi simu inaweza kukaa dukani mwezi mzima haina kazi. Ndiyo maana naandika hatua hizi kwa mfuatano, na mfuatano wenyewe ndio kazi: hamisha, ondoa akaunti, ndipo ufute.

Hatua ya 1: Hamisha vyako

Picha unajua pa kuzipeleka. Angalia majina tu. Fungua jina la mtu muhimu uone limehifadhiwa wapi. Likiwa kwenye akaunti ya Google, utalikuta kwenye simu mpya. Likiwa kwenye laini, litakwenda na laini. Likiwa kwenye simu yenyewe, linafutika na riseti, kwa hiyo lihamishe kwanza.

Memori kadi itoe. Riseti ya kawaida haiigusi, na mnunuzi akisema ataongeza elfu mbili umwachie, mwambie akanunue yake.

Hatua ya 2: WhatsApp

Siipendi njia ya kupandisha nakala Google Drive kwa bando la siku. Nakala hizo siku hizi zinahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za Google, na mtu mwenye grupu la ukoo, la harusi na la chama cha msingi, video peke yake zinamaliza nafasi. Katikati ya safari bando linakata, unaanza upya.

Kama unatoka Android kwenda Android, au iPhone kwenda iPhone, tumia kuhamisha moja kwa moja, kitu ambacho WhatsApp ilikileta 2023. Weka simu mbili karibu, washa Wi-Fi zote mbili, sajili namba kwenye simu mpya na ukubali kuhamisha gumzo. Simu mpya itatoa mchoro wa QR; kwenye ya zamani ingia setingi za WhatsApp, upande wa gumzo, chagua kuhamisha, kisha uusome mchoro huo kwa kamera. Mazungumzo yanapita baina ya simu hizo mbili bila kupanda Google Drive. Zichaji kwanza.

Wakati wa kusajili itakuja meseji ya tarakimu sita. Ni yako peke yako. Mtu akikupigia siku hiyo akisema "nimetuma code kwako kwa bahati mbaya, naomba unisomee", kata simu. Halafu weka PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili, na upitie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe hapohapo. Kuna watu walifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya steshenari ili wachapishe barua, na mpaka leo ipo wazi.

Hatua ya 3: Akaunti ya Google (hapa usiwe na haraka)

Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikishawekwa akaunti ya Google na loki ya skrini, inajiwekea ulinzi yenyewe. Mtu akiiriseti kwa vitufe, yaani kile cha kuwasha pamoja na cha sauti, simu inawaka kama mpya, inachagua lugha, inaingia mtandaoni, kisha inagoma: thibitisha kwamba wewe ndiye mwenyewe, kwa loki ya zamani au kwa akaunti iliyokuwemo. Mafundi tunaiita FRP. Iliwekwa kwa ajili ya wezi, lakini inawanasa zaidi watu wema.

Kwa simu nyingi, ukiriseti kupitia setingi na kuingiza PIN yako, loki hiyo inaondoka. Mimi neno "nyingi" silitegemei. Ondoa akaunti kwa mkono kwanza: setingi, akaunti, chagua ya Google, ondoa. Itakuuliza PIN au mchoro wa skrini. Ukimaliza rudi uangalie kama kuna nyingine. Ya shule, ya kazini, ya mtoto aliyekuwa anacheza gemu, zote zitoke.

Tatizo ni nenosiri. Huku kwetu watu wengi Gmail zao hawakuzifungua wenyewe. Muuzaji wa simu aliifungua dukani siku ya kununua, akabuni jina, akabuni nenosiri, akaweka namba yake mwenyewe ya kurejesha akaunti, akakabidhi simu. Mwenye simu hajui kama ana Gmail. Alikuja mwalimu mstaafu kutoka Newala, na jirani yake aliyenunua simu kwake. Mpwa wake alikuwa ameiriseti kwa vitufe. Simu imegoma, jirani anadai hela yake, mwalimu ananiambia, "Mwanangu, mimi hiyo Gmail sina wala sijawahi kuwa nayo." Anayo. Duka lililomfungulia halipo tena, na ile namba ya kurejesha haipatikani. Kilichomwokoa ni boksi. Nilimuuliza kama bado analo, akapiga simu nyumbani, mjukuu akafungua na kukuta kadi ya waranti imeandikwa kwa peni ya bluu: jina la duka, mwaka, na neno refu la herufi na tarakimu. Jioni yote tulibishana na ile picha ya kadi. Hii ni l ndogo au tarakimu 1? Hii ni O au sifuri? Na Google ukikosea mara nyingi inakusimamisha kwanza, kwa hiyo huwezi kubahatisha ovyo.

Kwa hiyo, simu ikiwa bado inafunguka mkononi mwako, fanya yafuatayo kabla ya kuiondoa akaunti.

Ingia setingi, kisha Google, kisha upande wa kusimamia akaunti. Soma anwani yako ya Gmail na uiandike kwenye daftari. Daftari la karatasi, si kwenye simu unayotaka kuiuza. Angalia namba ya kurejesha akaunti. Ikiwa si yako, weka yako. Kisha badilisha nenosiri. Kama hulijui la zamani, chagua kwamba umelisahau. Simu ikiwa bado imeingia kwenye akaunti hiyo, mara nyingi Google hukubali uthibitishe kwa loki ya skrini ya simu hiyohiyo. Ukishairiseti, nafasi hiyo imekwenda.

Halafu subiri. Google yenyewe inaelekeza kwamba ukibadilisha nenosiri, zipite saa 24 kabla ya kuriseti simu. Maana yake usije mezani kwangu saa kumi jioni, gari la Masasi linaondoka saa kumi na moja, ukataka tubadilishe nenosiri, tufute na uuze. Nitakurudisha nyumbani. Fanya leo, uza kesho kutwa.

Nenosiri liandike mwenyewe kwa kidole chako. Usimsomee fundi, hata mimi. Nenosiri la Google linafungua picha, majina, barua na ramani ya ulikopita. Fundi anayehitaji simu yako tu hana haja nalo.

Samsung ina akaunti yake mbali na ya Google, Xiaomi vilevile. Nazo ziondoe, zina loki zao. Kwa iPhone, ingia setingi, gusa jina lako juu, shuka mpaka chini uchague kutoka. Itakuomba nenosiri la Apple ili izime huduma ya kuitafuta simu. Usipofanya hivyo mnunuzi atakumbana na loki ya Apple iliyoanza na iOS 7 mwaka 2013, na hiyo sijaona fundi wa kweli anayeitoa kihalali. Nafuu yake ni moja: mwenyewe akiwa mbali anaweza kuiondoa kwa kuingia kwenye tovuti ya iCloud.

Watakuambia yupo kijana anabaipasi loki ya Google kwa elfu ishirini. Wapo. Kwenye Android 15 kwenda juu, ukilikwepa lile dirisha la mwanzo, simu bado inajua: haikubali akaunti mpya, loki mpya wala programu mpya mpaka mwenyewe athibitishwe. Na kijana huyo huwa anaweka programu za kuokoteza ndani ya simu. Ukinunua simu iliyobaipasiwa umenunua na vilivyomo.

Hatua ya 4: Futa

Sasa nenda setingi, kuweka upya, futa data yote. Toa laini kwanza. Pesa yako ya M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa ipo kwenye laini, haifutiki. Programu za benki toka ndani yake kabla, na uhakikishe umeshazifungua kwenye simu mpya.

Simu iliyotoka kiwandani na Android 10 au zaidi huhifadhi kila kitu kwa usimbaji, yaani kwa maandishi ya siri yasiyosomeka bila ufunguo. Riseti inatupa ufunguo, na mabaki hayasomeki tena. Ya zamani sana haina uhakika huo. Kuna programu za kufufua picha zilizofutwa. Kama unauza mkongwe wa namna hiyo, tafuta kwenye setingi za usalama sehemu ya kusimba simu, isimbe, ndipo uriseti. Ukikosa sehemu hiyo, riseti, kisha washa video bila kuweka akaunti yoyote, ielekeze darini, iache irekodi mpaka nafasi ijae, halafu riseti tena. Ni kazi ya kuchosha lakini haili bando.

Hatua ya 5: Kabidhi

Mnunuzi aiwashe mbele yako mpaka ifike skrini ya nyumbani, kwa akaunti yake, bila kuulizwa akaunti ya mtu mwingine. Usikubali "nitaangalia nikifika". Na wewe ukiwa mnunuzi, usitoe hela kabla ya hapo.

Piga *#06#, nakili IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, kwenye karatasi ya mauziano, weka tarehe, majina na sahihi za wote wawili, kila mtu abaki na nakala. Simu ikija kufanya uhalifu, karatasi hiyo ndiyo inayosema haikuwa kwako tena. Ukiwa hapohapo piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukiona namba usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika ikaondolewe.

Boksi mpe mnunuzi, ila kadi ya waranti yenye nenosiri la peni ibaki kwako. Chaja mpe pia. Kama simu mpya ni ya Type-C na ile ya zamani ni ya tundu dogo, waya wake hauna kazi kwako.