SOMO: Kumwinda puma Colorado, kuanzia leseni hadi sufuria na ngozi

Wakuu,

Msimu wa puma hapa jimboni Colorado, Marekani, hufunguliwa mwishoni mwa Novemba, misimu ya bunduki ya kulungu ikishaisha, na kufungwa tarehe 31 Machi. Kila ukikaribia, ndugu zetu wa miji ya Aurora, Greeley na Fort Morgan huanza kuulizana, na majibu wanayopata ni vipandevipande: huyu anajua habari ya leseni, yule ya mbwa, wa tatu amesikia kwamba nyama yake haifai kuliwa. Nyama yake inafaa sana, ila ina sharti moja ambalo nitalirudia mpaka mnichoke.

Mjueni mnyama kwanza. Puma ni paka mkubwa wa porini wa bara la Amerika, na kwa ukoo yuko karibu na duma kuliko simba au chui. Hangurumi kama simba. Dume aliyekomaa huwa na kilo 50 hadi 70 hivi, jike ni mdogo kidogo. Chakula chake kikuu ni kulungu. Humvizia, humrukia, akishiba huufukia mzoga kwa majani, udongo au theluji, kisha anarudi tena na tena. Ukikuta mzoga uliofukiwa hivyo, ondoka hapo taratibu, kwa maana mwenyewe hayuko mbali.

Kufyatua risasi ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Uzito uko kabla yake, katika kuhakikisha unayemlenga ndiye anayestahili kupigwa, na baada yake, katika kuhakikisha hakuna atakayeugua kwa nyama uliyompikia.

HATUA YA 1: Karatasi

Idara inayosimamia ni Colorado Parks and Wildlife. Kama umezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye, lazima uwe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Juu ya hicho, puma ana kozi yake na mtihani wake, na bila kufaulu huuziwi leseni. Msiione kozi hiyo kuwa usumbufu. Inafundisha kutofautisha dume na jike, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Kila kitalu cha uwindaji kina mgawo wake, yaani idadi ya puma wanaoruhusiwa kuuawa, na ukijaa kitalu kinafungwa hata kama msimu haujaisha. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani piga simu au angalia mtandaoni kama kitalu chako bado kiko wazi. Ardhi ya mtu binafsi huingii bila ruhusa yake, hata kama nyayo zimeingia humo.

HATUA YA 2: Kutafuta nyayo

Theluji mpya ndiyo rafiki yako. Ikianguka usiku, alfajiri pita polepole kwenye barabara za msituni na kingo za makorongo. Unyayo wa puma ni wa mviringo na hauonyeshi kucha, kwa sababu huzirudisha ndani anapotembea. Mbwa na mbwamwitu kucha zao huonekana. Kisigino kina mawimbi matatu upande wa nyuma. Pima upana wa kisigino cha mguu wa nyuma: ukizidi sentimita 5, yaelekea ni dume. Ni dalili tu, usiipe uzito wa ushahidi.

Fuata nyayo hizo kwa miguu kwanza, mwendo wa kutosha, kabla ya kufungulia mbwa. Unatafuta jambo moja: je, kuna nyayo ndogo zinazoungana nazo? Jike huzaa wakati wowote wa mwaka, na watoto hukaa naye mwaka mmoja au mwaka na nusu. Ukiona nyayo ndogo, rudisha mbwa garini.

HATUA YA 3: Mbwa

Kazi hii hufanywa na mbwa wa harufu: Treeing Walker, Bluetick, Plott na jamaa zao. Sheria ya Colorado hairuhusu kundi la zaidi ya mbwa 8. Wengi wetu hatufugi mbwa hawa, kwa hiyo njia ya kawaida ni kumlipa kiongozi wa uwindaji mwenye kibali, na gharama yake ni maelfu ya dola. Au ufanye urafiki wa kweli na mwenye mbwa, umsaidie kulisha, kusafisha mabanda na kufuata nyayo majira mazima bila kudai kitu.

Sheria inataka mwenye leseni awepo mbwa wanapofunguliwa na ashiriki mpaka mwisho. Hakuna kukaa mjini ukisubiri kupigiwa simu kwamba puma ameshapanda mti. Mbwa huvaa kola za GPS, nanyi mnawafuata kwenye makorongo na theluji ya magotini. Beba maji, taa ya kichwani, kiberiti na nguo kavu ya kubadili.

HATUA YA 4: Chini ya mti

Puma akichoka hupanda mti au mwamba. Mbwa wanabweka, moyo unakwenda mbio, na mtu anataka kumaliza. Simama. Funga mbwa wote mbali na shina kabla ya jambo lingine lolote, maana puma aliyejeruhiwa akiangukia katikati yao utazika mbwa siku hiyo.

Kisha toa darubini umwangalie nyuma. Dume ana doa la nywele nyeusi, upana wa sentimita 2 au 3, kiasi cha sentimita 10 hadi 13 chini ya mkundu. Jike hana doa hilo. Mkia ukiziba, zunguka mti. Akilala juu ya tawi, subiri ageuke. Ukiwa na darubini nzuri na subira, dakika ishirini zinatosha, na puma hana haraka akiwa juu.

Kumuua mtoto, au jike anayeandamana na watoto, ni kosa la jinai. Mimi nakwenda mbele ya sheria: jike simpigi, hata akionekana yuko peke yake, kwa sababu anaweza kuwa amewaacha watoto kwenye mwamba kilomita kadhaa nyuma na wewe hukuziona nyayo zao. Wakimkosa mama wakiwa wadogo, watakufa njaa. Mkimwacha akashuka na kwenda zake, mbwa wamefanya kazi nanyi mmefanya uwindaji kamili.

HATUA YA 5: Risasi

Puma ana mwili mwembamba, hahitaji bunduki ya kumwangushia nyati. Raifo ya risasi za wastani, kama zile za kipimo cha .243 au .30-30, inatosha. Lenga mapafu, nyuma ya bega. Usipige kichwa, kwani fuvu linatakiwa kwenye ukaguzi.

HATUA YA 6: Kuchuna na ukaguzi

Vaa glavu, na ukiwa na barakoa ivae pia. Mwaka 2007 mwanabiolojia mmoja wa hifadhi ya Grand Canyon, Arizona, alikufa kwa tauni baada ya kumpasua puma aliyekuwa na ugonjwa huo. Viroboto wa wanyama hawa si wa kuchezea. Ukipata homa siku chache baada ya kuchuna, mwambie daktari waziwazi kwamba ulishika puma.

Toa matumbo mara moja na uache ubaridi uingie ndani ya mwili. Pasua ngozi kwa mstari wa tumbo, kisha ndani ya miguu hadi viganjani. Acha uthibitisho wa jinsia, yaani viungo vya uzazi, ukiwa umeshikamana na ngozi, ni sharti. Wengi wenu mnafanya kazi kwenye viwanda vya nyama vya Greeley na Fort Morgan. Kisu mnakijua kuliko wawindaji wengi wa hapa, kwa hiyo sitawafundisha kutenganisha viungo.

Toa taarifa kwa idara ndani ya saa 48, na ndani ya siku 5 peleka ngozi na fuvu vikaguliwe. Visiwe vimeganda. Mapema, kabla mwili haujakakamaa, weka kijiti mdomoni ubaki wazi, kwani maofisa hung'oa jino dogo la pembeni kupima umri.

HATUA YA 7: Nyama

Colorado inakulazimisha kuiandaa nyama ya puma kwa ajili ya kuliwa na binadamu. Kumwacha porini na kuondoka na ngozi ni kosa, na naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Nyama yenyewe ni nyeupe, laini, haina harufu kali. Anayekula nguruwe ataiona inafanana nayo. Sarara ni tamu kuliko zote, mapaja ndiyo mengi, mikono na shingo vinafaa kusagwa. Ini na matumbo usile.

Sasa lile sharti. Puma hubeba mnyoo wa trikinela ndani ya misuli. Hauonekani kwa macho. Chumvi haiuui, moshi hauui, kukausha hakuui, na aina za mnyoo huu zinazoishi kwa wanyama wa nchi za baridi huweza kustahimili hata friza. Mwaka 1995 huko Idaho, mwindaji aliloweka nyama ya puma kwenye maji ya chumvi, akaifukiza moshi, akawagawia watu, 10 waliugua. Dawa ni moto peke yake: nyama ifike nyuzi 71 za Selsiasi katikati, na upime kwa kipimajoto cha nyama. Usitegemee rangi.

Ninavyopika: paja nalikata vipande vya ukubwa wa yai, nalitia tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, linalala usiku mmoja kwenye jokofu. Nakaanga vitunguu mpaka viive rangi, natia nyama igeuke kila upande, kisha nyanya, bizari na maji. Inachemka saa mbili au zaidi kwa moto mdogo mpaka ichambuke kwa uma, na tui la nazi zito linaingia mwishoni. Nyama hii haina mafuta mengi, ndiyo maana tui linaipenda. Ubao na kisu vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla havijagusa kachumbari.

HATUA YA 8: Ngozi

Kwangua mafuta na mabaki yote ya nyama, hasa kuzunguka midomo, masikio na viganja, kwani huko ndiko nywele huanza kunyofoka. Paka chumvi ya unga isiyo na madini joto, nyingi, upande wote wa nyama. Ikunje nyama kwa nyama, iweke mahali penye mteremko maji yachuruzike. Kesho yake kung'uta, paka chumvi mpya.

Ukitaka kuitengeneza mwenyewe, njia ya shabu ni ya zamani na haihitaji mitambo. Osha chumvi yote kwanza. Yeyusha gramu 450 za shabu kwenye lita 4 kasoro za maji. Pembeni yeyusha gramu 110 za magadi soda ya kufulia na gramu 230 za chumvi kwenye lita 2 kasoro. Mimina hayo ya magadi kwenye ya shabu polepole sana huku ukikoroga, kwa sababu yatatoa povu. Changanya na unga wa ngano uliokwisha kukorogwa na maji kidogo mpaka upate uji mzito. Kwenye ngozi iliyowambwa, paka uji huo upande wa nyama, unene wa milimita 3. Kesho yake kwangua, paka tena. Mara tatu, na ya mwisho ikae siku tatu au nne. Suuza kwa maji yenye boraksi kidogo, kamua, paka mafuta ya kwato za ng'ombe ikiwa bado na unyevu. Kisha ivute na kuisugua kwenye ukingo wa ubao wakati inakauka. Kuvuta huku ndiko kunakoleta ulaini, na mikono itauma.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Aurora): Mkuu, mimi ni Mwislamu. Naruhusiwa kula?

Jibu: Ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) alikataza kula mnyama mkali mwenye chonge, na madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, humweka puma katika kundi hilo. Habari ya ngozi muulize sheikh wako. Na sisi tunaokula, tukialika wageni tuwaambie kilichomo kwenye sufuria kabla hawajanawa mikono.

Swali (Nairobi): Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Kwa nini huko mnaruhusiwa kuua paka mkubwa?

Jibu: Hata Marekani hawakubaliani, dada. California ilipiga marufuku kumwinda puma kwa kura ya wananchi mwaka 1990. Colorado walipiga kura kuhusu jambo hilohilo Novemba 2024, na wapiga kura wakakataa marufuku. Naheshimu anayepinga. Kwangu, mgawo ukifuatwa, jike akiachwa na nyama ikaliwa yote, naona ni haki.

Swali (Greeley): Nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Naweza kumiliki bunduki ya kuwindia?

Jibu: Ukaazi wa kudumu peke yake haukuzuii kwa sheria ya shirikisho. Wenye viza za muda ndio waliobanwa, ingawa leseni halali ya uwindaji ni mojawapo ya misamaha yao. Mwenye hukumu ya kosa kubwa asiguse bunduki kabisa. Kabla ya kununua, ongea na wakili wa uhamiaji.

Swali (Boise, Idaho): Nataka kukausha nyama ya kutafuna safarini. Hakuna namna?

Jibu: Ipo. Ipike kwanza mpaka nyuzi 71 katikati, ndipo uikaushe. Ukianza kwa kukausha, unakaribisha yaliyotokea huko kwenu mwaka 1995.

Swali (Mwanza): Shemeji yangu yuko Denver. Anaweza kunitumia ngozi?

Jibu: Si kwa kuitia tu kwenye begi. Puma yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo atahitaji kibali cha kuitoa Marekani, na wewe uulize wizara ya maliasili na forodha huko kabla haijaondoka. Ikikamatwa bila karatasi inataifishwa.

Swali (Denver): Nimetumia shabu kwa ngozi ya sungura ikawa ngumu kama ubao. Nimeiharibu?

Jibu: Hapana, mkuu. Ilikauka kabla hujaivuta vya kutosha. Ilowanishe upande wa nyama kwa kitambaa chenye maji, ikunje usiku mmoja kwenye mfuko, kesho yake paka mafuta kidogo uanze kuivuta tena. Rudia hata mara tatu. Sehemu zikibaki ngumu, zisugue kwa msasa laini.