Gemu za mapenzi za video: usizubae kwenye kuchagua

Wadau hii nawapa bure. Zile gemu za komedi ya mapenzi ambazo ni video kabisa, watu halisi wanaigiza we kazi yako kuchagua jibu, kama Five Dates ya 2020 ya wale Waingereza, ukizubaa umeliwa. Unapewa sekunde chache tu, zikiisha gemu linakuchagulia lenyewe, mi hapa Nkuhungu, Dodoma, nilikua nadonoa zabibu nikainama kidogo, kuinua macho dada wa watu ashajibiwa hovyo na kanuna 😂. Kwa hiyo kabla ya kuanza ingia setingi, washa sabtaito, alafu tafuta sehemu ya kusimamisha muda wakati wa kuchagua, baadhi huwa nayo.

Raundi ya kwanza jibu kama wewe mwenyewe, achana na majibu ya YouTube. Raundi ya pili ndo uruke sini ulizoshaona na ubadilishe jibu moja tu, maana ukibadili yote hutajua lipi lilikuponza. Na bando jamani, video ni nzito, dauniludi ianze usiku ukilala.