Namna ya kusoma slaidi ya ALK bila kujidanganya

Kila anayeketi karibu nami kujifunza kazi hii huogopa hadubini. Mimi humwambia aogope kwanza pepsini, kimeng'enya kinachosaga protini za tishu; hadubini itafuata.

Kwenye tishu ya saratani ya pafu, tunachotafuta ni hiki: jeni la ALK, lililo kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 2 na ambalo likikatika na kuungana na jeni jingine huendesha saratani, limekatika au halijakatika? Tunatumia probu mbili, yaani vipande vya DNA vilivyotiwa rangi ya kung'aa, kimoja chekundu na kingine cha kijani. Vinashika pande mbili za pale jeni linapozoea kukatika. Jeni likiwa zima, rangi hukaa bega kwa bega, au hupandana na jicho likaona njano. Likikatika, zinaachana. Probu hizi hazikwambii ALK imekwenda kuungana na jeni gani. Zinakwambia tu kwamba imehama nyumbani.

Kata tishu kwa unene wa mikroni 4 au 5. Ukizidisha, viini vya seli hupandana na utahesabu ishara za jirani. Ukipunguza, kisu kinakata viini na ishara zinabaki kwenye kipande ulichotupa. Oka slaidi, toa nta kwa zaileni, pitisha kwenye ethanoli, kisha iloweke kwenye myeyusho wa maandalizi wenye nyuzi 80. Hapo ndipo unafika kwa pepsini, kwenye nyuzi 37.

Dakika za pepsini usizikariri. Niliwahi kupewa kipande kidogo cha pafu, cha mwisho kwenye bloku ya nta, nikakipa dakika zile zile zilizonifaa jana yake. Nilipokitazama, viini vilikuwa maganda: kingo zimeliwa, katikati matundu, ishara mbili tatu zinaelea zisijulikane ni za nani. Tishu hailingani na tishu, kwa sababu moja ilikaa kwenye fomalini saa chache na nyingine ilisahauliwa humo siku kadhaa. Tangu hapo, slaidi ya kwanza ni ya kujaribia. Naipaka DAPI, rangi ya bluu inayoshika DNA, na kuitazama kabla ya kutumia probu, ambayo ni ghali. Kiini kilichoiva kina ukingo safi na bluu iliyotulia. Kikiwa kibichi, kinaonekana kama kimefunikwa ukungu, na ukiendelea hivyo hivyo probu haitaingia. Utaona wingu la kijani tu. Kibichi kinarudishwa kwenye pepsini. Kilichoungua hakirudi.

Yaliyobaki ni utiifu. Weka probu, funika, ziba kingo zote za kioo kwa gundi ya mpira, tenganisha nyuzi za DNA kwa joto la 73 hivi kwa dakika chache, kisha acha kwenye 37 usiku kucha penye unyevu. Asubuhi osha kwa maji ya chumvi yenye sabuni kidogo, nyuzi 73, dakika 2, na slaidi isikae kwenye mwanga.

Sasa kusoma. Mtaalamu wa patholojia awe amekuzungushia eneo la uvimbe, usijiteulie. Tumia lenzi ya 100 yenye mafuta, na hesabu viini 50 vya saratani. Ishara zimeachana pale tu pengo kati yake linapofikia upana wa ishara mbili au zaidi. Hapa wageni huteleza. Mara nyingi jeni linaloungana na ALK ni EML4, lililo kwenye mkono ule ule wa kromosomu, umbali wa besi milioni 12 hivi. Kipande kimegeuzwa tu, hakikuhamia kromosomu nyingine, kwa hiyo pengo ni dogo. Ukitarajia rangi zikimbiane hadi pembe za kiini, utawapita wagonjwa wenye ugonjwa.

Mtego wa pili ni nyekundu iliyobaki peke yake. Kwenye kiti ninachotumia, yaani pakiti ya probu kutoka kiwandani, nyekundu imeshika upande wenye kinasi, sehemu ya jeni inayoendesha saratani. Kijani ikipotea na nyekundu ikabaki, kiini hicho ni chanya. Kijani ikibaki peke yake, si chanya. Soma karatasi ya kiti chako uhakikishe rangi ipi iko upande upi.

Viini chanya vikiwa chini ya 5 kati ya 50, jibu ni hasi. Vikizidi 25, ni chanya. Vikiangukia kati ya 5 na 25, msomaji wa pili anahesabu 50 vingine, mnajumlisha, na asilimia 15 kwenda juu ni chanya. Huyo wa pili asijue wewe umepata ngapi. Mimi naandika yangu kwenye karatasi, naigeuza juu chini, nampisha kiti na kwenda zangu kunawa mikono.