Laini ya umeme ya Masaka–Mwanza ikipita kwenye kibanja chako: mambo ya kufanya kabla mthamini hajafika

Tuelewane kwanza, hii laini inayopangwa ya kilovolti 400 kutoka Masaka Uganda, iingie Mutukula, ipite Kyaka na Nyakanazi hadi Mwanza, haiji kukuwashia taa nyumbani. Umeme wa hivyo unapita juu kwa juu mpaka kituo cha kupoozea ndo unashushwa, kwahiyo mtu akikwambia ukiachia shamba mapema utafungiwa umeme bure, mwambie aandike. Faida kwa mkoa ipo, Kagera tumeishi miaka na umeme wa Uganda kupitia laini ya kilovolti 132 ya Masaka–Kyaka na ikizingua tunajua wenyewe giza lake, na laini kubwa itafanya umeme wa maji uende na kurudi, Uganda wana bwawa la Karuma megawati 600, sisi tuna Bwawa la Nyerere megawati 2,115. Ila fungu lako wewe mwenye kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, liko kwenye fomu ya mthamini, yule anayepima thamani ya mali yako ili ulipwe fidia, na hapo ndo watu wanapigwa.

Usisubiri vigingi vya kuonyesha laini itapita wapi. Sasa hivi piga picha kibanja chote, hesabu migomba kwa mashina, mibuni inayozaa na michanga kila moja kivyake maana hailipwi sawa, andika kwenye daftari afu mwenyekiti wa kitongoji asaini. Majirani mnaopakana nao wasaini mipaka. Kama kuna ugomvi wa mirathi umalizeni saizi, wathamini wakikuta majina mawili kwenye shamba moja malipo yanaganda.

Siku ya kuhesabu uwepo mwenyewe, mke na mume wote. Fomu yenye nafasi wazi usisaini hata wakikuharakisha vipi, na ukishasaini piga picha kila ukurasa. Jina liwe lilelile la NIDA na la benki.

Kuna swali moja watu wanasahau kuuliza: wanachukua ardhi moja kwa moja au wanataka njia tu? Maana wakikwambia ardhi inabaki yako ila chini ya nyaya ulime mazao mafupi, kwa Mhaya hiyo sio kibanja tena, ni shamba la maharage. Migomba ndo kivuli cha mibuni na ndo chakula, ukiitoa umevuruga kila kitu. Uliza hili kwenye mkutano wa kijiji na likaandikwe kwenye muhtasari.

Makaburi nayo, sisi tunazikia humohumo kibanjani. Waonyeshe mapema wakati wanachora, kwasababu mnara na mnara wanapishana mamia ya mita na kuusogeza kwenye ramani ni rahisi, ukishamwagiwa zege sahau. Ikibidi kuhamisha, kuna sheria yake ya mwaka 1969, wasifukue kienyeji.

Kwenye fidia usiangalie ardhi na mazao tu. Kuna posho ya usumbufu, usafiri, na kama nyumba inabomolewa kuna posho ya makazi ya miezi 36. Sheria ya uthamini ya 2016 inataka ulipwe ndani ya miezi 6 baada ya Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinisha, ikizidi wanakulipa na riba, na ikipita miaka 2 uthamini unarudiwa. Waliopitiwa na bomba la mafuta ghafi hapa Missenyi watakusimulia walivyosubiri miaka huku hawajui walime au waache. Kwahiyo tarehe ya ukomo ikitangazwa, yaani siku ambayo baada yake unachoongeza hakihesabiwi kwenye fidia, nyumba mpya usijenge, ila omba jibu la maandishi kama mahindi na maharage unaruhusiwa kuendelea.

Hujaridhika na hesabu? Andika barua kabla ya kupokea hela, nakala moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo kwa mtendaji wa kijiji hayafiki popote.